Tuta la Mlangoni

Juzi, mvua ilipopiga hapa Mabela, nje ya Maskati, na mtu wa greda akaacha matope mbele ya geti, mama yako alitoka nje akamwambia maneno ambayo sikumlea kuyasema. Nilimwita ndani. Haki alikuwa nayo, lakini aliidai vibaya, bila mpangilio, na mtu wa greda akapata nafasi ya kucheka. Mimi niligombana na mtu wa greda kabla mama yako hajazaliwa, na huyo hakucheka. Chukua kalamu. Sikusoma, lakini nilichokiona nimekiona, nawe utaandika kama ninavyosema. Usinipambie.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, tukitokea Unguja, watu watatu: mimi, babu yako, na baba yake babu yako, mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupoteza nuru. Na mimi nilimwita baba, kwa sababu ndivyo mke anavyomwita mkwewe akiwa na adabu. Nyumba tuliyopata ilikuwa nje ya lango kubwa la mji, upande wa njia iendayo Matrah. Tuliipenda kwa sababu ya njia iliyopita mbele yake. Tulizoea vichochoro vya Unguja, ambako watu wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi nyuma. Hapa palikuwa na njia pana, bapa, nyeupe kwa changarawe, kama imefagiwa. Tuliona pia kwamba milango yote ya mtaa iko juu, na kila mlango una ngazi za mawe. Babu yako alisema watu wa mtaa huu wana heshima, wamejenga milango ya kupanda. Nami nilikubali. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu maskini ajichoshe kupandisha mlango wake juu namna ile.

Baba alikuwa mtu wa baraza. Kule kwetu, mbele ya nyumba yake palikuwa na baraza ya mawe, na hapo ndipo alipoishi. Ndani aliingia kula na kulala tu. Hata macho yalipopungua, alimjua kila mpita njia kwa sauti na kwa mwendo. Maskati alikaa ndani, mgongo kwenye mto, uso kwenye ukuta. Kila nikimpelekea chakula aliniuliza neno moja:

"Mwanangu, nani amepita?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna mtu mji mzima?"

Watu walipita, lakini sikuwajua majina, na mtu usiyemjua jina huwezi kumsimulia kwa mzee. Akawa anakula nusu, kisha robo. Babu yako aliona kwamba baba yake anatutoka akiwa ameketi vile vile. Akaamua kumjengea baraza.

Siku hizo kujenga hakukuwa jambo la mtu na nyumba yake. Hata kutoboa dirisha kulihitaji ruhusa, na sisi tulikuwa wageni tusio na wa kutusemea. Babu yako alijenga kidogo kidogo baada ya kurudi kazini bandarini, akiokota mawe hapo hapo njiani, mawe mazuri, ya duara, laini. Jirani yetu wa mlango wa kulia, mwanamke wa Maskati asiyependa maneno mengi, alisimama akamtazama, kisha akaniambia kwa Kiarabu:

"Mwambie mumeo hii ni njia ya wadi."

Nilifahamu kwamba wadi ni bonde la maji, lakini sikufahamu maana yake pale. Nikamuuliza, "Wadi gani? Maji yako wapi?"

Akanyoosha mkono juu, kwenye majabali. Nikatazama majabali. Makavu kama mkate wa juzi. Nikarudi ndani nikamwambia babu yako kwamba jirani anatuonea kijicho.

Baraza ilikwisha, ikapakwa chokaa, tukatandika mkeka, na baba akatoka. Siku za mwanzo watu walishangaa kumwona mzee ameketi nje kama mlinzi. Kisha mume wa jirani, mzee mwenzake aliyewahi kuuza tende, akaja na birika ya kahawa. Kiarabu cha baba kilikuwa cha msikitini, na Kiswahili cha yule mzee hakikuwapo kabisa, lakini walielewana, maana wazee hawasikilizani sana hata wakiwa na lugha moja. Baba akaanza kumaliza sahani. Na jioni akawa ananiambia yeye, bila kuulizwa, nani amepita.

Sasa sikiliza. Ilikuwa siku ya jua. Juu yetu hakukuwa na wingu hata la kutia kivuli kuku. Nilisikia mngurumo kama wa mapipa yanayovingirishwa, kisha sauti ya jirani: "Wadi! Wadi!" Nilipofika mlangoni, mzee wa tende alikuwa anamvuta baba kwa kwapa, anampandisha ngazi, na nyuma yao njia yetu ile pana, nyeupe, iliyofagiwa, ilikuwa inajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani ya maji mawe yalikuwa yanatembea. Mvua ilikuwa imenyesha kule majabalini, na majabali yalikuwa yametuletea. Hapo ndipo nilipojua aliyefagia njia ile. Njia ile ilikuwa ya maji, na watu walikuwa wakiipita kwa hisani tu.

Maji yalipungua upesi, kama yalivyokuja. Yakaacha changarawe, matope na mawe, na njia ya malori ya Matrah ikaziba. Ndipo likaja greda. Lilikuwa gari refu la manjano, lenye bamba la chuma tumboni, likikwangua katikati ya njia na kusukumia uchafu pembeni. Ukilitazama kutoka mbali utasema ni neema. Lakini pembeni ni wapi? Pembeni ni milangoni kwetu. Lilipopita, kila nyumba ilibaki na tuta mbele yake, na tuta letu lilikuwa kubwa kuliko yote. Lilikuwa limeifukia baraza, likapanda ngazi, likaegemea mlango.

Nilifunga ushungi, nikapanda juu ya tuta. Dereva alikuwa mtu mwembamba mwenye kilemba kilichofifia. Nikampungia mkono asimame, nikaanza kumsema kwa Kiarabu changu. Akazima mtambo, akanisikiliza kidogo, halafu akanijibu kwa Kiswahili cha mjini Unguja, safi:

"Sema Kiswahili, bibie. Kiarabu chako kinaniumiza masikio."

"Kumbe unajua. Basi sikia vizuri. Umetufukia mlango."

"Sikufukia mlango. Nimefungua njia."

"Njia ya nani, ikiwa mwenye nyumba hawezi kutoka?"

"Ya lori. Lori likikwama hapa naulizwa mie, huulizwi wewe."

"Na baraza yetu?"

"Baraza!" Alilitoa neno lile kama mtu anayetema kokwa. "Nani kakwambieni mjenge baraza ndani ya tumbo la wadi? Bamba langu lina upana wake. Nikifika kwenu sharti nikate kona, na nikikata kona mzigo wote unamwagika hapo. Vunjeni baraza, tuta litapungua."

"Hatuvunji."

"Basi chimbeni. Na mnachochimba msinirudishie njiani. Nakuoneni! Asubuhi nafungua, adhuhuri nikirudi mtaa mzima mmeshanijazia. Halafu mkubwa wangu ananambia mie ndiye mvivu."

Ni kweli, tulirudisha. Mtaa mzima ulirudisha. Tungeyapeleka wapi mawe yale, tuyale? Nilimwambia hivyo hivyo. Akatazama baraza, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini:

"Ruhusa ya kujenga mnayo?"

Nikaupanga ushungi wangu upya. Aliona kwamba hatuna. Wakati huo baba alikuwa amefika mlangoni, ameshika kizingiti, ametega sikio.

"Sauti hiyo naijua," akasema. "Wewe ulikuwa ukiuza kahawa Unguja."

"Wengi tumeuza kahawa, mzee."

"Ulikuwa ukipita kwetu baada ya alasiri, unagonganisha vikombe. Kahawa yako ilikuwa na tangawizi mno."

"Wateja waliipenda hivyo."

"Mie sikuipenda."

"Lakini uliinywa, mzee!" Sasa dereva alishuka. "Uliinywa, na wenzako waliinywa, na mie nimesimama. Miaka nimesimama kwenye baraza zenu na dele la kahawa moto mkononi, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema, 'We Mmanga, kaa kidogo.' Leo mnataka niichunge baraza yenu."

Mmanga ndivyo tulivyomwita Mwarabu aliyetoka Omani kuja kuchuma kwetu, na maneno yale yaliniudhi kuliko tuta. Yalikuwa ya kweli, na hayakuhusiana na nilichokuwa nakidai. Kiburi cha watu wa baraza za Unguja si hati ya kumfukia mtu mlango Maskati. Lakini ukishaambiwa jambo la kweli unakuwa kama mtu aliyekabwa. Huwezi kurudi kwenye shauri lako. Baba akasema, "Basi kaa sasa."

"Niko kazini," akajibu dereva. Akapanda, akawasha mtambo, akaenda zake.

Tulichimba. Babu yako alichimba kwa pauro baada ya kazi, mimi nilibeba kwa karai mchana, mikono ikatoka malengelenge. Kwa siku zote hizo tulikaa na khofu ya mtu wa serikali kuja kuuliza ruhusa. Hakuja. Dereva hakusema. Hilo nalo lilinikera, maana sasa tulikuwa tunadaiwa shukurani na mtu tuliyemkasirikia.

Baraza ikaonekana tena, chokaa imebanduka. Baba akarudi kukaa, mzee wa tende akarudi na birika yake, na mimi nikadhani shauri limekwisha.

Msimu uliofuata wadi lilishuka tena. Safari hii tulijua. Baba aliingizwa ndani mapema. Maji yalipokwisha nilisimama mlangoni na pauro mkononi, nimejiandaa kwa vita, nikimngoja dereva. Greda likaja. Lilipokaribia kwetu nikaona bamba linainuka kabla ya kufika kwenye baraza, mzigo wote ukamwagika hapo, na greda likapita mbele yetu bila kuacha hata kokoto. Dereva hakunitazama. Aliniinulia kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani, kama mtu aliyelipa deni.

Nikageuka kuangalia mahali alipomwaga. Alikuwa ameumwaga kwa jirani. Mzigo wa jirani na mzigo wetu, yote miwili, mlangoni kwa mzee wa tende.

Jirani alitoka kwa shida, akipanda kwa magoti. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Aliniuliza, "Mmempa nini?"

"Hatukumpa kitu, wallahi. Hata kikombe cha kahawa hatujampa."

"Mnasema lugha moja naye," akasema. "Nimekusikieni." Akarudi ndani, na siku ile niliona kwamba lugha yangu niliyoletwa nayo ulimwenguni imekuwa ushahidi dhidi yangu.

Dereva aliporudi kupanua njia nilimkabili tena. "Nani alikutuma ututunze sisi na kutufitinisha na jirani?"

Akafunga breki. "Nikimwaga kwako, kosa. Nisipomwaga kwako, kosa. Nimwage mbinguni? Mchanga sharti ulale mahali, bibie. Nambie wewe ulale wapi, nami nitaulaza hapo."

Nilirudi ndani. Hata leo, mjukuu wangu, sijui ulale wapi. Ndiyo maana nilimwita mama yako ndani: alikuwa analia kwamba matope yako kwetu, lakini hakuwa amefikiri yaende kwa nani.

Tulikwenda kuwasaidia kuchimba. Mzee wa tende alisema hana haja, ana mikono. Na kuanzia siku hiyo hakuja tena barazani. Baraza ilikuwa nzuri, imepakwa chokaa mpya, imefagiwa, na baba ameketi katikati yake peke yake kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Watu wa mtaa walipita upande wa pili. Walimjibu salamu, kwa sababu salamu ni faradhi kuijibu na watu wa pale ni watu wa dini, lakini hawakusimama. Jioni moja nilipompelekea maji akaniuliza:

"Mwanangu, nani amepita?"

Nikamshikisha maji. Yuko nje, katikati ya njia, na ananiuliza swali la ukutani.

Siku ya pili akamwita babu yako, akamwambia avunje.

Babu yako alikataa. Alisema ametoa jasho lake, amejitia katika khatari ya serikali, na hawezi kuvunja kwa sababu ya ugomvi wa majirani. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilitaka watu. Mmenipa mawe. Vunja."

Akavunja. Nilisimama nikitazama nyundo ikipiga chokaa niliyoipaka kwa mkono wangu, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Nimkasirikie nani? Dereva alifanya alivyotakiwa. Jirani alionewa kweli. Baba alikuwa mzee. Mume wangu alitii. Ukimtafuta mkosaji humpati, na khasara iko hapo mbele yako, imelala rundo. Mawe babu yako aliyapeleka kwa jirani, ambaye ngazi yake ya chini ilikuwa imevunjika kwa uzito wa lile tuta. Mzee wa tende akamwonyesha kwa fimbo: "Weka hapo." Baba akarudi ndani, mgongo kwenye mto, uso kwenye ukuta. Akaanza tena kula nusu.

Wadi la tatu lilikuwa dogo. Mawe hayakutembea sana. Maji yalileta mchanga na changarawe ndogo. Greda likapita moja kwa moja, bila kukata kona, bila kuinua bamba, na likaacha tuta refu lililonyooka kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, kila mlango na sehemu yake, sawa kwa sawa. Niliposikia mtambo umekwenda nilichukua pauro nikatoka. Mlango wetu, unaofungukia nje, ulizuiwa na tuta, ukafunguka kidogo tu, nikajipenyeza ubavu. Nilikuwa nimeshachota pauro la kwanza niliposikia fimbo ya baba nyuma yangu, inagonga ngazi, inagonga changarawe, inapapasa juu, inapapasa upande. Alijipenyeza naye. Akalipigapiga tuta kwa kiganja, kama mtu anayekagua godoro dukani. Kisha akaligeuzia mgongo, akaketi.

Lilikuwa na kimo cha baraza.

"Lete mkeka," akasema.

"Baba, hili nalichimba."

"Usilichimbe."

"Mlango haufunguki, baba."

"Umefunguka. Umetoka."

"Nimetoka ubavu. Na mtungi wa maji je?"

"Mtungi utangulie, wewe ufuate."

Nilileta mkeka. Nililelewa kutomjibu mkwe mara ya nne. Mlango wa pili mzee wa tende alikuwa anachimba tuta lake, anahema. Baba alimsikia akihema, akamwita kwa jina lake, akapigapiga changarawe upande wake wa kulia. Yule mzee alisimama na pauro lake muda mrefu. Alitazama tuta lake, akatazama letu, akaona kwamba yamelingana. Akachomeka pauro mchangani, akaja akaketi. Wakatazama mbele wote wawili. Mkewe alitoka akawaona, akarudi ndani, na baada ya kitambo akatokeza na birika.

Alasiri greda lilirudi. Wakati huo wazee wengine walikuwa wamejiunga nao, wamepangana juu ya changarawe kama kunguru. Dereva akapunguza mwendo, akasimama, akatazama.

"Mmekaa juu ya mchanga wangu," akasema.

"Kaa," akasema baba.

Nilijua atasema yuko kazini. Alizima mtambo. Akashuka, akakung'uta kanzu, akalitazama tuta kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake. "Hapa nitakaa," akasema. "Hili nimelijenga mie." Akaketi, na mzee wa tende akasogea kumpisha, bila furaha, lakini alisogea.

Baba akaniita mlangoni. "Mwanangu, pika kahawa nyingine. Tia tangawizi."

Tangawizi ambayo hakuipenda. Nikapika. Nikaja na sinia, vikombe vimepangwa, nikafika mlangoni, na sinia likakataa kupita. Nililipitisha wima nusura nimwage kila kitu, kisha nikapita mimi, ubavu, nguo imenasa kwenye komeo. Watu wote wale wameketi, na hakuna aliyeinuka kunipokea. Dereva akanitazama ninavyohangaika, akasema:

"Mlango wako mwembamba, bibie."

"Si mwembamba," nikamwambia. "Umefukiwa. Na aliyeufukia anangoja kahawa yangu."

Akanyoosha mkono akachukua kikombe. Nilikaa na tuta lile mlangoni mpaka wadi jingine lilipokuja kulichukua lenyewe, na kila siku nilipita ubavu, mtungi mbele, mimi nyuma. Baba alimaliza sahani yake. Habari ya mlango wangu haikuulizwa na mtu.